Fundi bomba: mwongozo kamili wa kumpata, kukubaliana naye na kukagua kazi kabla ukuta haujafungwa

Ujumbe ninaoupokea kutoka kwa wenye nyumba unafanana sana. Familia imeshahamia, marumaru zimeshabandikwa, rangi ya ukuta wa bafuni imeanza kuvimba, na fundi hapokei simu. Mwingine kalipa karibu ufundi wote kabla bomba la kwanza halijalazwa. Mwingine choo kinanuka kila mchana jua likikolea. Mafundi ni tofauti na mitaa ni tofauti, ila kosa ni lile lile: hela na plasta vilitangulia, maji yakaja mwisho.

Mwongozo huu unageuza mpangilio huo. Maji yapite kwanza na yapimwe, kisha ukuta ufungwe na hela itoke. Nimewalenga wanaojenga au kukarabati nyumba ya kawaida Dar es Salaam na pembeni yake, yenye maji ya DAWASA, simtank, pengine kisima, na shimo la maji taka uani. Aliyeko mji mwingine atabadilisha jina la mamlaka ya maji tu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujampigia fundi yeyote

- Mchoro wa nyumba, hata wa kuchora kwa mkono, unaoonesha kila choo, sinki, bafu, koki ya nje, tanki na shimo.
- Tepu ya kupimia na pimamaji ndefu.
- Mpira mwembamba unaoonesha maji ndani yake, mita 10 hivi. Waashi huutumia kupimia levo.
- Daftari la kazi hii peke yake, na simu yenye nafasi ya kutosha ya picha.
- Pampu ya mkono ya kupimia presha, yenye geji. Si lazima uinunue. Fundi aliyezoea nyumba kubwa anayo au anajua pa kuiazima.
- Ndoo mbili na kichupa cha rangi ya chakula.
- Hela ya vifaa na hela ya ufundi, zikiwa mafungu mawili yasiyochanganyika.

Hilo la mwisho ndilo linalowaangusha wengi. Hela ikiwa fungu moja, siku vifaa vikipungua utachota kwenye ufundi, fundi atadai chake, kazi italala, naye ataenda kushika nyingine. Akirudi, mitaro imeshafukiwa na mvua.

## Hatua ya 1: Amua unachotaka, kwa idadi

Hesabu kila mahali maji yatakapotokea na kila mahali yatakapoingia kutoka nje. Andika kwenye daftari: masinki mangapi, shawa ngapi, wapi patakuwa na maji ya moto, mashine ya kufulia itakaa wapi. Amua sasa hivi, maana kuhamisha choo baada ya zege la sakafu ni kuvunja zege.

Kama una kisima, onja maji yake. Sehemu nyingi za Dar es Salaam zilizo karibu na bahari zina visima vya chumvi, na chumvi hula bomba za chuma na koki za bei rahisi. Maji hayo yapewe njia yake: vyoo, usafi, bustani. Yasikutane na maji ya DAWASA kwenye bomba moja kwa kutegemea koki ya kufunga na kufungua tu, kwa sababu siku moja mtu ataisahau wazi, na maji ya kisima yataingia kwenye tanki la kunywa.

Umefanikiwa hatua hii ukiweza kumpa mtu karatasi yako na akakuambia nyumba ina sehemu ngapi za maji bila kukuuliza swali.

## Hatua ya 2: Tafuta mafundi watatu, ukakague kazi zao za zamani

Usiombe kuoneshwa nyumba aliyomaliza mwezi jana, kwani kila bomba ni zuri mwezi wa kwanza. Omba nyumba inayokaliwa mwaka mmoja na zaidi. Nenda, salimia wenyeji, uulize mambo matatu: kuna ukuta wenye unyevu? Choo kinanuka? Ulipompigia simu kwa tatizo, alirudi? Jibu la swali la tatu lina uzito kuliko mawili ya kwanza, kwa sababu hata fundi hodari huvujisha kiungo kimoja maishani. Unayemtaka ni yule anayerudi kukitengeneza.

Cheti cha VETA ni kitu kizuri na ukiulizie. Lakini wapo mafundi wazuri sana waliojifunza kwa kushika kazi, usiwafukuze mlangoni. VETA yenyewe ina utaratibu wa kuwapima na kuwatambua mafundi wa namna hiyo.

Kisha muulize kila mmoja swali hili: "Utapimaje mabomba kabla ya plasta?" Fundi anayejua ataanza kuzungumzia plagi, presha, geji na muda wa kusubiri. Akikujibu, "Kazi yangu haivuji, bosi, uliza mtaa mzima," mshukuru, umpe nauli, umpigie anayefuata.

Onyo: asije mtu akakuunganishia maji kabla ya mita. Kipande cha kutoka bomba la mtaani hadi kwenye mita ni cha mamlaka ya maji. Anayekishika bila idhini anavunja sheria, na matokeo yake yatamwangukia mwenye nyumba.

## Hatua ya 3: Pata makadirio yaliyoandikwa

Kila fundi aje aone eneo, apime, kisha akuletee karatasi mbili: listi ya vifaa na bei ya ufundi. Listi iseme aina, ukubwa na idadi. "Bomba za maji na viungo vyake" haikusaidii chochote. "PPR milimita 25, PN 20, vipande 12; elbo za 25, 30" ndiyo listi. PPR ni bomba la plastiki la maji safi, PN ni namba ya presha yake.

Ziweke listi tatu mezani pamoja. Mmoja akiwa na elbo 30 na mwingine 70 kwa nyumba ile ile, waulize wote wawili. Mara nyingine mwenye 70 ndiye aliyepima vizuri. Mara nyingine kuna cha juu anachopewa na mwenye duka. Usimtuhumu mtu, mwambie akuelekeze kwenye mchoro kila elbo inakaa wapi, na idadi itajirekebisha yenyewe.

Bei ya chini kabisa ya ufundi huwa ni ya mtu anayetegemea "kuongezewa mbele ya safari". Mimi huegemea ya katikati, nikishaona mwenye nayo amepima nyumba kwa tepu badala ya kwa macho.

## Hatua ya 4: Andikianeni, na mgawe malipo kwa kazi inayoonekana

Ukurasa mmoja unatosha: majina, nakala ya kitambulisho cha NIDA, namba ya simu, kazi yenyewe, bei ya ufundi, nani ananunua vifaa, siku ya kuanza, na nani anarekebisha kitakachovuja. Shahidi mmoja kila upande. Mkipenda, pitisheni ofisi ya serikali ya mtaa ili pawe na mahali pa kuanzia siku mkikosana.

Malipo yasifuate siku wala wiki. Tuseme ufundi ni shilingi 900,000. Yagawe hivi:

- 150,000 fundi akishafika na vifaa vyake vya kazi na mitaro ikaanza kuchimbwa.
- 300,000 mabomba yote ya maji taka na maji safi yakishalazwa na kupimwa.
- 300,000 masinki, vyoo, koki na tanki vikishafungwa na vikafanya kazi.
- 150,000 wiki mbili baada ya nyumba kuanza kutumia maji.

Fundi atakuja katikati: "Bosi, mtoto anaumwa, nipunguzie kidogo." Yawezekana kabisa ni kweli, na una hiari ya kumsaidia. Iandike kwenye daftari, asaini, itolewe kwenye awamu inayofuata. Usiilipe kwa aibu, halafu siku ya mwisho mkaanza kubishana.

Nawe una deni upande wako. Awamu ikikamilika, lipa siku ile ile. Ukibadilisha mawazo ukahamisha sinki, hiyo ni kazi mpya na ina bei yake. Mafundi wengi wanaosemwa "wametoroka" waliondoka kwa sababu mwenye nyumba aliongeza kazi kila siku bila kuongeza hela.

## Hatua ya 5: Nunua vifaa wewe mwenyewe, fundi akiwepo

Nendeni pamoja, iwe ni Gerezani kule Kariakoo au duka la jirani. Yeye achague, wewe ulipe na ushike risiti ya EFD. Ulizeni kabla ya kulipa kama viungo visivyotumika vitapokelewa, kwa kuwa vitabaki tu.

Soma maandishi yaliyopigwa kwenye bomba. Utafute alama ya ubora ya TBS, kipenyo, na namba ya PN inayoonesha presha bomba linayoweza kuhimili. Maji ya moto yapewe PN 20 au zaidi. Mafundi huita milimita 20 "nusu inchi", 25 "robotatu" na 32 "inchi moja", hivyo hakikisha mnazungumza kitu kimoja.

Usinunue koki nyembamba nyepesi kwa ajili ya ndani ya ukuta. Koki ya nje ya sinki unaibadilisha kwa dakika kumi. Valvu iliyozikwa nyuma ya marumaru unaifikia kwa nyundo.

## Hatua ya 6: Maji taka kwanza

Bomba za choo za inchi nne hulala chini kuliko vyote, kwa hiyo ndizo huanza. Hapa kuna jambo moja la kulisimamia bila kuchoka: mteremko. Kwa bomba la inchi nne, sentimita 2.5 kwa kila mita ni kipimo salama. Kutoka chooni hadi chemba iliyo mita 10, mwisho wa bomba uwe chini kwa sentimita 25. Mteremko ukiwa mdogo mno, maji yanaondoka na uchafu unabaki.

Usikubali "nimeona kwa macho". Jaza mpira maji, shika ncha moja juu ya mwanzo wa bomba na nyingine juu ya mwisho wake. Maji ndani ya mpira yatasimama levo moja pande zote mbili. Pima kutoka kwenye levo hiyo hadi kwenye bomba kila upande. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo mteremko wako.

Mengine ya kukagua mtaro ukiwa wazi: mdomo mpana wa bomba uelekee kule maji yanakotoka, bomba lilalie mchanga au udongo laini usio na mawe, na kila kona iwe na chemba. Elbo ya nyuzi 90 ardhini bila chemba ndipo pa kuziba. Kona ikilazimu, ziwe elbo mbili za nyuzi 45.

Kuhusu harufu: kila sinki na kila tundu la sakafu liwe na trapu, yaani kipande cha bomba kilichopinda kinachobakisha maji, sentimita 5 hivi, na mfumo uwe na bomba la hewa linalopanda hadi juu ya paa. Bila bomba hilo, choo kikimwagwa huvuta maji ya trapu ya jirani, na hewa ya shimoni inapata njia ya kuingia ndani.

Kupima: ziba mwisho wa bomba kwenye chemba, jaza maji hadi juu, weka alama, subiri nusu saa. Maji yakibaki pale pale, fukia. Yakishuka, kiungo kinatafutwa leo.

## Hatua ya 7: Kiungo cha PPR, kitazame kwa karibu

Maji safi siku hizi hupitishwa kwenye PPR, ambayo haifungwi kwa gundi. Huchomwa. Mashine hufikia nyuzi joto 260, bomba na kiungo huingizwa kwa pamoja, hutolewa, husukumizwa kimoja ndani ya kingine, vikawa plastiki moja. Muda wa kupasha ni sekunde 5 kwa milimita 20, sekunde 7 kwa 25, sekunde 8 kwa 32.

Asubuhi ya kwanza mwombe fundi akuchomee kiungo kimoja cha majaribio, ukubali hasara ya elbo moja. Kikishapoa, kikateni kwa msumeno kutoka mdomo hadi mdomo, katikati kama papai. Nje unatakiwa uone pete mbili ndogo za plastiki zilizozunguka sawasawa. Ndani, ukuta wa bomba na wa kiungo umeshikana bila mstari, na njia ya maji iko wazi.

Ukiona pete upande mmoja tu, bomba liliingia likiwa limepinda. Ukiona mstari mweusi katikati, kulikuwa na vumbi au maji. Ukiona plastiki imejikunja kuelekea ndani na kubana njia, ilipashwa mno au ilisukumwa kupita kiasi. Kiungo cha namna hiyo hakivuji, hivyo hakuna atakayekigundua, ila shawa yako itatoa maji kidogo maisha yake yote. Viungo kumi vya hivyo mfululizo ndiyo maana ya "maji hayana nguvu" katika nyumba yenye tanki refu.

Fundi mzuri hachukii jaribio hili. Wengi watakuonesha kwa furaha.

PPR isiachwe juani bila kufunikwa, jua huidhoofisha. Vipande vya nje vipitishwe ardhini au ndani ya ganda.

## Hatua ya 8: Pima presha kabla ya plasta

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoleta ule ujumbe wa ukuta uliovimba nilioutaja mwanzo.

Fundi atakwambia amepima kwa maji ya simtank. Piga hesabu: kila mita 10 za urefu kwenda juu hutoa takriban bar 1 (bar ni kipimo cha presha). Tanki lililo mita 6 juu linasukuma kwa bar 0.6 tu. Siku ukifunga pampu ya kuongeza nguvu, au maji ya DAWASA yakaja na msukumo wa usiku, mabomba yatapata mara kadhaa ya hapo, na kiungo kilichokaa kimya ndicho kitakachoanza kulia ndani ya ukuta.

Fanyeni hivi:

1. Viungo vya mwisho vilale usiku mmoja.
2. Zibeni kila tundu la koki kwa plagi. Hita na koki zisiwe zimewekwa bado.
3. Jazeni maji kutoka chini, plagi ya juu kabisa ikiwa wazi mpaka hewa yote itoke. Hewa ikibaki, geji itawadanganya.
4. Pandisheni presha hadi bar 10.
5. Subirini nusu saa. Mshale utashuka kidogo, kwa kuwa plastiki inatanuka. Pandisheni tena, subirini nusu saa nyingine, mpandishe tena.
6. Sasa acheni saa mbili. Piga picha ya geji mwanzo na mwisho.

Fanyeni asubuhi au kivulini, maana jua likichoma mabomba, mshale hucheza wenyewe.

Umefaulu kama baada ya saa mbili mshale haujashuka zaidi ya bar 0.2 na kila kiungo ukikigusa kwa karatasi ya chooni ni kikavu. Ukishuka zaidi, usikubali "itajiziba na chumvi". Tafuteni, kateni, chomeni kipya, mpime upya tangu mwanzo. Ikifaulu, lipa awamu ya pili hapo hapo.

## Hatua ya 9: Piga picha, kisha funga

Piga picha ya kila ukuta ukiwa wazi, tepu ya kupimia ikiwa imenyooshwa kutoka kona na kutoka sakafuni. Siku ya kutundika kioo au kabati utajua drili ipite wapi. Zitume kwa mtu mwingine nyumbani pia, simu hupotea.

Ukiweza, acha mabomba yakiwa na presha wakati mwashi anapiga plasta na geji ikiwa mahali pake. Akigonga bomba kwa tindo, mshale utaanguka papo hapo naye bado yupo.

## Hatua ya 10: Tanki na vifaa vya juu

Lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja. Mnara wa simtank ujengwe kwa hesabu hiyo, na tanki la plastiki lilalie sakafu tambarare yote, si vyuma vitatu vilivyoachana.

Bomba la kushuka kutoka kwenye tanki liwe kubwa, inchi moja au zaidi, lipungue linapokaribia koki. Kuanza na nusu inchi pale pale tankini ni kuinyima nyumba nzima. Kila choo na kila sinki liwe na valvu yake ndogo ya kufungia, ili siku ya kubadilisha koki usifunge maji ya nyumba yote. Hita ya tanki iwe na valvu yake ya usalama, na tundu la valvu hiyo lisizibwe kamwe hata likidondosha matone. Matone hayo huonekana hita inapopasha maji, na ni presha inayopata pa kutokea.

## Hatua ya 11: Makabidhiano

Fundi awepo. Fungua koki zote kwa pamoja, mwaga vyoo vyote kwa pamoja, mtu mwingine asimame kwenye chemba kuangalia. Pangusa chini ya kila sinki kwa karatasi kavu.

Weka matone ya rangi ya chakula kwenye tanki la kila choo, usimwage kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, raba ya ndani inapitisha maji, na bili yako itakuwa kubwa bila kuona tone sakafuni.

Usiku, simtank ikiwa imejaa, funga kila kitu, piga picha ya namba za mita, na asubuhi kabla mtu hajafungua koki piga tena. Namba zikiwa sawa, hakuna kinachovuja. Zikisogea, funga valvu ya kuingilia tankini urudie: zikisimama, kosa liko kwenye floti (boya linalofunga maji tanki likijaa) au kwenye mabomba ya baada ya tanki, zikiendelea, ni kati ya mita na tanki.

Wiki mbili zikipita salama, lipa awamu ya mwisho, mchukue picha za mabomba na mchoro uliorekebishwa muviweke kwenye faili moja na risiti, na fundi aandike namba yake juu ya jalada. Kama kitu kimevuja ndani ya wiki hizo, mtumie ujumbe wa maandishi wenye picha na siku ya mwisho ya kuja. Asipokuja, hela ile iliyobaki ndiyo utakayomlipa fundi wa pili kati ya wale watatu uliowapata katika hatua ya 2.